Kontena la wageni: kivuli kwanza, AC mwisho

Swali ni lile lile, kinachobadilika ni mji tu: "Fundi, nina kontena la futi 20 hapa Kigamboni, nataka liwe chumba cha wageni, ila joto halivumiliki. Niweke AC ya BTU ngapi?" Kabla hujafungua mdomo, jirani ameshamjibu: piga jipsamu, weka ya 18,000, kazi imekwisha. Ushauri huo umeshawala watu pesa nyingi, na unaniudhi kwa sababu tiba ya kweli ni ya bei nafuu.

Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, Mombasa nyuzi 4. Huku kwetu jua la mchana linapiga paa, na mara mbili kwa mwaka linasimama utosini kabisa. Paa la kontena ni chuma cha milimita 2 hivi. Ukiliacha wazi halafu ukafunga AC, unanunua umeme wa kupigana na paa lako mwenyewe. Kwa hiyo jenga paa la pili juu ya lile la kwanza. Liinue sentimita 40 hadi 60, acha pande zote wazi upepo upite, na litokeze kama mita moja ili likinge kuta ndefu. Bati jeupe linatosha. Makuti yanapendeza, lakini yanaogopa moto na yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Miguu ya paa hilo isimame kwenye kona nne, ndiko kontena lilikoumbiwa kubeba mzigo. Katikati ya paa hapabebi kitu. Na uikaze kwa bolti, maana upepo wa kusi hauna huruma na bati lililoinuliwa.

Ukilitua kontena, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni likutane na ncha fupi tu. Nguzo fupi za zege kwenye kona, angalau sentimita 40 kutoka ardhini, zisawazishwe kwa pima maji. Likikaa upande, mlango hautafungika vizuri.

Sasa kihami joto, na hapa naomba usiharakishe. Watu wanachomelea skwea paipu ukutani, wanajaza pamba ya vioo katikati, wanafunika kwa jipsamu. Kuna makosa mawili hapo. La kwanza, chuma kimegusana na chuma: pitisha kiganja kwenye ukuta uliokwisha kupakwa rangi saa tisa alasiri, utaihesabu kila nguzo iliyojificha nyuma yake kwa joto lake. La pili ni jasho. Usiku wa anga safi, chuma kinapoteza joto haraka hadi kinakuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Pumzi za watu wawili waliolala na mvuke wa bafuni vinapenya kwenye ile pamba, vinakutana na chuma, vinageuka maji. Pamba inalowa, inashuka, inaacha uwazi juu. Baada ya muda unaona doa la kahawia kwenye dari, na mwenye nyumba anadhani paa linavuja. Anapaka lami. Doa linarudi.

Dawa yake ni kihami kilichoshikana na chuma bila kuacha nafasi ya hewa. Mikunjo ya ukuta ina kina cha sentimita tatu na ushee, kwa hiyo karatasi za povu zilizonyooka zinaacha mifereji nyuma yake. Povu la kupuliza la poliyurethani linaifuata mikunjo: sentimita 5 paani, 3 hadi 4 ukutani juu ya mgongo wa mkunjo. Fremu ya ndani iwe ya mbao, isimame mbele ya povu. Povu nalo nalinung'unikia. Linawaka kwa moshi wa sumu, kwa hiyo lisibaki wazi hata kabatini, na likishakauka huoni tena kutu inayoanzia nyuma yake. Kwa hiyo kwangua, piga praima ya zinki ndani na nje, ndipo upulize. Ile hadithi kwamba chuma cha kontena hakili kutu haifai kando ya bahari. Chumvi inakizuia kujitengenezea ngozi yake ya kinga, na kinachokulinda ni rangi.

Kununua nitapita haraka. Ingia, fungiwa milango, tafuta vitundu vya mwanga. Chungulia chini. Ukipata lile lenye kimo cha ndani cha mita 2.69, lichukue; la kawaida lina 2.39, na baada ya dari feni ya juu inakuwa hatari kwa mikono ya mgeni, weka ya ukutani. Soma kibao cha mlangoni: kina mstari unaotaja dawa ya kuua wadudu iliyotiwa kwenye mbao za sakafu. Wengi wanasema kuzipaka epoksi mikono miwili inatosha kuizuia dawa hiyo isitoke. Inapunguza sana, lakini siwezi kukuapia kwamba inazuia yote. Chumba watakacholala watoto, mimi ningeng'oa zile mbao.

Dirisha: chomelea fremu ya skwea paipu 50 kwa 50 kwanza, kisha ukate. Ukianza na grenda, ukuta unalegea na boriti ya juu inapinda.

Umeme usimamiwe na fundi umeme. Mwili wote wa kontena uungwe na waya wa athi, swichi kuu iwe ya kukata umeme ukivuja miliampia 30, na kila waya unaopita kwenye chuma uvishwe mpira, kwa sababu ukingo uliokatwa na grenda unachuna waya taratibu.

Ukifika hapo, chumba cha mita za mraba 14 kinatosheka na AC ya BTU 9,000. Ile ya 18,000 itapoza hewa upesi na kujizima kabla haijavuta unyevu, mgeni aamke na shuka lenye majimaji.