Chura Mzito: Kuhamisha Gemu ya Mashine ya Sarafu Kwenye TV Gemu za Utotoni

Mzee mmoja wa mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, baharia mstaafu, alishika pedi ya gemu yangu kwa dakika mbili hivi, kisha akairudisha mezani taratibu. "Chura wako mzito, mwanangu."

Miezi minne nimeikeshea ile gemu. Magogo yanaelea, magari yanapita, rangi zimekaa. Yeye hakuangalia rangi. Enzi za ubaharia aliicheza mashine yenyewe, ile ya kusimama mbele yake na kutumbukiza sarafu, kwenye bandari za Ugiriki. Mimi nimeiona kwenye emuleta tu, yaani programu ya kompyuta inayoiga mashine. Nikaenda kulala nimenuna, na asubuhi nikaanza kupima, maana mtu aliyecheza kwa vidole vyake habishiwi.

Kwa wageni wa blogu hii: mchana natengeneza redio na TV. Usiku nahamisha gemu za mashine za sarafu ziingie kwenye zile TV gemu za Kichina tulizokulia nazo, zilizoiga Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983. Wengi wenu mlizicheza kibandani kwa TV ya chogo, foleni nyuma yako, na mwenye kibanda anakuhesabia dakika. Kuhamisha huku si kunakili. Prosesa ya mashine ya sarafu na prosesa ya Famicom hazielewani lugha, kwa hiyo unaandika upya kila kitu, jicho likiwa kwenye ile ya asili, na kila usiku unaamua kipi kibaki na kipi kipotee.

Gemu ninayosema ni Frogger ya Konami, ya 1981. Chura avuke barabara, kisha avuke mto kwa kurukia magogo na kobe. Kioo cha mashine kimesimamishwa wima: nukta 224 kwa upana, 256 kwa urefu. Famicom ina 256 kwa upana na 240 kwa urefu. Upana umezidi, urefu umepungua kwa mistari 16, na chogo lenyewe humeza mistari michache juu na chini. Niliusogeza mstari wa muda kutoka chini, nikaubana juu pamoja na alama. Hapo hakuna aliyelalamika.

Taabu ilianzia kwenye magogo. Ukitazama haraka utasema kila gogo na kila gari ni spraiti, yaani kipicha kinachotembea juu ya mandhari. Mashine ile ina spraiti 8 tu, isingetosha hata mto peke yake. Siri yake ni kwamba mandhari imekatwa vipande, na kila kipande kinaweza kuteleza kivyake: njia hii kushoto polepole, ya juu yake kulia kwa kasi. Magogo ni mandhari inayoteleza. Chura ndiye spraiti.

Famicom haina kitu hicho. Ina spraiti 64, lakini katika mstari mmoja wa TV huonyesha 8 tu, kila moja upana wa nukta 8. Gogo refu moja linazimaliza, na la pili halionekani. Unaweza kuzipokeza kwa fremu, yaani picha moja nzima ya TV: fremu hii hili, fremu ijayo lile, ndipo vitu vinapomemeteka. Pac-Man ya mwaka 1982 kwenye Atari 2600, TV gemu ya Kimarekani, ilitukanwa sana kwa hilo, mazimwi wake wakitokea na kupotea. Mimi namtetea Tod Frye aliyeiandika. Alikuwa na baiti 128 za kumbukumbu na kaseti ya kilobaiti 4. Miaka mingi baadaye Dennis Debro alitoa Pac-Man nyingine ya kilobaiti 4 zilezile kwenye Atari ileile, na inafanana na ya asili kuliko ile ya dukani. Lakini yeye hakuwa na bosi anayesubiri.

Turudi mtoni. Famicom huteleza mandhari nzima kwa pamoja, ila hakuna anayekukataza kubadilisha mtelezo TV ikiwa katikati ya kuchora. Chogo huchora mstari mmoja baada ya mwingine kutoka juu. Ukijua wakati hasa mwale unaochora picha unapoingia njia ya pili, unaandika namba mpya ya mtelezo, na kuanzia hapo picha inafuata namba hiyo. Njia tano za mto, ukingo wa katikati, njia tano za barabara: mistari 176, kila njia 16.

Kaseti za bei nafuu hazina saa ya kukustua, kwa hiyo prosesa lazima ihesabu yenyewe. Mstari mmoja una mapigo 113 na theluthi mbili ya saa ya prosesa. Hiyo theluthi mbili imenitoa jasho. Mistari 16 ni mapigo 1,818 na theluthi mbili, na prosesa haina theluthi. Ukiandika 1,818 kila mara, namba inawahi kidogo, kisha kidogo tena, na ukifika barabarani gari limepasuka bonde katikati ya mstari. Dawa ni kupokezana: 1,819, 1,819, kisha 1,818. Njia tatu zikipita, umepata 5,456 kamili, hesabu imerudi sawa. Namba yenyewe inatakiwa ianguke pale mwale unaporudi kushoto, nafasi ya mapigo kama 28 tu.

Wanaosoma maelezo ya Ulaya hukwama hapa. Famicom ya Ulaya, ya TV za PAL (mfumo wa picha 50 kwa sekunde), ina mapigo 106 na kitu kwa mstari, kwa hiyo hesabu ya Japani haikubali. TV zetu ni za PAL pia, lakini TV gemu zetu nyingi si za Ulaya. Ni za ukoo ambao Warusi waliuita Dendy: zinatoa picha 50 kwa sekunde kama PAL, ila zimeshika mapigo 113 na theluthi mbili kama Japani, ili kaseti za Japani zisiharibike. Wachina wale walijua wanachofanya. (Walikosea sauti kidogo. Chipu zao nyingi zimebadilishana maumbo mawili ya mawimbi ya sauti, ndiyo maana ukisikia muziki wa Famicom halisi unahisi kama mtu kauimba kwa pua nyingine.)

Sasa uzito wa chura. Mashine ya sarafu huchora picha takriban 60 kwa sekunde, sisi 50. Gemu ikihamishwa kikavu inatembea tano ya sita ya mwendo wake, na ndivyo tulivyocheza karibu gemu zote utotoni bila kujua. Magogo nilishayarekebisha: kasi ya kila njia naihifadhi kwa baiti mbili, moja ya nukta nzima na moja ya sehemu ya nukta, kisha nimeongeza kwa moja ya tano. Mto ukawa na mwendo wake.

Chura nilimsahau. Mruko wake ni nukta 16, na nilikuwa nimeuandika nukta mbili kwa fremu, fremu 8. Kwa picha 60 hiyo ni milisekunde 133, kwa picha 50 ni 160. Mto unakimbia kwa saa ya sarafu, chura anaruka kwa saa ya chogo! Juu ya hapo, pedi nilikuwa naisoma mwanzo wa fremu, prosesa inaingia kuhesabu mistari yake 176 bila kufanya lolote jingine, na chura anasogezwa baadaye. Kidole kikibonyeza, fremu mbili zinapita kabla hajatikisika. Hizo ni milisekunde 40 nyingine. Mzee alizihisi zote bila saa.

Mruko sasa ni fremu 7: mbili, mbili, mbili, tatu, tatu, mbili, mbili. Na pedi naisoma mahali ambapo mashine za ukoo wa Dendy zinatupa zawadi. Picha ikiisha kuchorwa, zinakaa mistari 51 kabla ya kuita programu kwa ajili ya picha ijayo, wakati Famicom ya Japani inakaa mmoja tu. Karibu mapigo 5,800 ya bure. Nasoma pedi hapo, nasogeza chura hapohapo, na picha inayofuata inamkuta keshakwenda.

Najua siku hizi wapo wanaopachika prosesa ya ARM, ya kisasa na yenye kasi, ndani ya kaseti. Champ Games wanafanya hivyo kwenye Atari 2600, na Galagon yao, mtoto wa Galaga ya mashine za sarafu, ni kazi safi kweli. Lakini chipu ya megahezi 70 ikishafanya hesabu zote, Atari ya megahezi moja na kidogo imebaki kuwa mchoraji. Siwalaumu. Mimi nataka jasho litoke kwenye chuma cha zamani.

Kaseti nazichoma hivi: nafungua kaseti mbovu yenye chipu za miguu, maana zile za tone jeusi la gundi hazifai kitu, nachomoa chipu mbili na kulehemu soketi. Ya programu ni 27C256, ya picha 27C64. Taa ya kufutia chipu sina, naziacha juu ya bati dirisha lake likitazama jua karibu wiki nzima. Pini 60 zifutwe kwa kifutio na spiriti kwanza, upepo wetu wa bahari hauna huruma na shaba. Siziuzi. Frogger ni mali ya Konami, na mimi nina kaseti tatu tu, moja ya watoto wa jirani.

Mzee alirudi Ijumaa baada ya sala. Hakusema mwepesi wala mzito. Alicheza hadi chai ikapoa, akazamisha chura wa mwisho, akauliza sarafu inatumbukizwa wapi.

Kinachonisumbua sasa ni TV gemu ya mtoto mmoja wa Makorora, ya tone jeusi, ambayo njia ya tatu ya mto inatetemeka. Kesho naifungua.