Mwenyekiti siyo mwenye chama cha wastaafu

Kuna watu wanaamini kabisa kwamba chama cha wastaafu cha taifa ni mwenyekiti na wenzake wachache huko makao makuu, wakiamka na wazo basi ndo mpango wa mwaka. Hapana jamani. Kwa kawaida mwenye kauli ya mwisho ni mkutano mkuu, yaani wajumbe mliowatuma nyie wenyewe kutoka matawini, hao ndo wanapitisha mpango kazi na bajeti, wanapokea ripoti ya mkaguzi wa hesabu, wanachagua viongozi na wanaweza hata kuwatoa kwa utaratibu wa katiba. Kamati tendaji inatekeleza tu kilichopitishwa.

Kinachoniuma ni hiki, mpango mzuri unaanzia tawini, mzee ambaye gharama za matibabu zinamshinda asiposema kikaoni, au akasema halafu katibu asiandike kwenye muhtasari, huko juu watajuaje? Na akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili kikao kiwe halali, isipotimia maamuzi yenyewe hayana nguvu, ndo maana nawasihi muende vikaoni.

Halafu pensheni hailipwi na chama, inalipwa na mfuko wa pensheni au serikali, chama kinawasemea tu.