Chekoslovakia 1968: Hodi Ilibishwa, Nani Aliitikia?

Kila tunapofundisha habari za Chekoslovakia, nchi ya kikomunisti ya Ulaya iliyovamiwa na majeshi ya Umoja wa Kisovieti na washirika wake mwaka 1968, hakosi mtu wa kuuliza: kwani Wasovieti hawakualikwa? Swali halali. Agosti 21, 1968, shirika la habari la Kisovieti, TASS, lilitangaza kuwa viongozi wa chama na serikali ya Chekoslovakia wameomba msaada wa kijeshi.

Viongozi gani? Usiku huohuo kikao cha juu cha Chama cha Kikomunisti kilitamka kwamba majeshi yameingia bila rais, bunge, serikali wala katibu wa kwanza wa chama kujua. Katibu mwenyewe, Alexander Dubček, alikamatwa ofisini na kupelekwa Umoja wa Kisovieti. Mgeni gani huyo anayemkamata mwenyeji wake?

Dubček hakuwa mpinga ujamaa. Alishika uongozi Januari 1968, na mpango ambao chama chake kiliupitisha Aprili ulilenga kupunguza amri za kutoka juu viwandani, kuwapa Waslovakia hadhi sawa na Wacheki na kuruhusu watu kusema. Vyama vingine havikuruhusiwa kushindania dola. Juni, udhibiti wa magazeti ukafutwa kisheria. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililoinyima Moscow usingizi kuliko mageuzi yote ya uchumi: bei za viwandani hazivuki mpaka, gazeti huvuka.

Poland, Hungaria na Bulgaria zilipeleka askari pamoja na Wasovieti. Romania ilikataa. Tanzania, nayo ikiwa katika safari yake ya ujamaa, ililaani uvamizi huo. Raia wa mji mkuu, Prague, waling'oa vibao vya majina ya mitaa ili vifaru vipotee njia. Hata hivyo, zaidi ya watu 100 walikufa kabla ya mwaka kwisha. Aprili 1969 Gustáv Husák alichukua nafasi ya Dubček, na askari wa mwisho wa Kisovieti waliondoka mwaka 1991.

Lakini barua ya mwaliko ilikuwapo. Vasil Biľak na wenzake wanne, wapinzani wa Dubček ndani ya chama, waliipenyeza kwa Wasovieti mjini Bratislava mwanzoni mwa Agosti, na inasimuliwa kwamba ilikabidhiwa chooni. Ilijulikana wazi mwaka 1992, Rais wa Urusi Boris Yeltsin alipoirudisha Prague. Waandishi wake wanaomba siri kubwa, na wanaeleza kuwa ndiyo sababu wameandika kwa Kirusi.