Maana ya ziada: walimu, anzieni mwaloni

Pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, wavuvi wanakoshusha samaki, mchuuzi anasifia migebuka yake: "Samaki wanono hawa, mama!" Mteja anaguna, "Visamaki hivi ndiyo elfu kumi?" Samaki ni walewale. Kilichobadilika ni kiambishi tu, na tayari bei imeanza kutikisika.

Mwalimu wa kidato cha kwanza au cha pili anayefundisha maana ya msingi na maana ya ziada aanzie kwenye mazungumzo kama hayo. Maana ya msingi hutaja kitu chenyewe, kamusi inatosha. Maana ya ziada ni kinachoambatana na neno: heshima, dharau, mapenzi, kejeli. Mbuzi amekufa, jirani amefariki. Fasili ziandikwe ubaoni baada ya mifano. Zikitangulia, watoto huzikariri na somo linaishia hapo.

Ngeli zetu zenyewe ni hazina. Mtu ni mtu, ila jitu linatisha na kijitu kinadharauliwa. Hata upatanisho unamshusha: mtu huyu amekuja, kijitu hiki kimekuja. Darasa likishacheka, uliza: mbona bibi akisema "kitoto hiki kizuri" hakuna anayenuna? Ki- ileile inamdunisha mmoja na kumdekeza mwingine. Inategemea nani anasema, anamwambia nani, na anataka nini.

Ndiyo maana siyapendi majedwali ya safu mbili, maneno mazuri huku, mabaya kule. "Mjanja" utaliweka wapi? Kwa mshambuliaji aliyewapiga chenga mabeki ni sifa. Kwa dalali wa viwanja, shika mfuko wako.

Badala yake, wape msichana mmoja asiyesema sana. (Awe wa kubuni, jamani, si mwenzao wa dawati la nyuma.) Kundi moja limweleze kwa mdomo wa shangazi yake, jingine kwa mdomo wa mtu aliyegombana naye. Huku utasikia mpole, mtulivu. Kule mzubaifu, anajisikia. Wasomeane, kisha kila kundi lionyeshe ni neno gani lililowauma au kuwafurahisha. Wanaozungumza Kiha nyumbani waulizwe pia ni neno gani la Kiswahili linalowakera ingawa wenzao hulitumia kwa utani. Majibu yao yataongeza mifano ambayo kitabu hakina.

Wakati wa kusahihisha, mwanafunzi aliyeona dharau akaeleza sababu apewe alama, hata kama wewe kwenye mwongozo wako uliandika utani. Aliyeandika "maana mbaya" bila kusema kwa nini, huyo bado.