Kwa nini jumba la sanaa la Johannesburg lilikaa miaka 30 bila picha ya msanii mweusi?

Mwaka 1940, Jumba la Sanaa la Johannesburg lilinunua picha ya rangi za mafuta inayoonyesha mtaa mmoja wa Sophiatown, kitongoji kilichokuwa magharibi mwa mji huo wa Afrika Kusini. Kwa Kiswahili jina la picha hiyo lingekuwa "Nyumba za Manjano", na mchoraji wake ni Gerard Sekoto, mwalimu wa shule aliyeacha ualimu mwaka 1938 ili aje mjini kuchora. Ilikuwa picha ya kwanza ya msanii mweusi kuingia katika mkusanyiko wa jumba hilo, ambalo lilikuwa limekwisha kutimiza miaka 30 katikati ya mji uliotajirika kwa jasho la wachimba dhahabu weusi.

Je, wajua kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Wengi watajibu kwamba ni ubaguzi wa rangi, na jibu hilo ni la kweli. Hata hivyo, halielezi ubaguzi huo ulipitia wapi hadi ukaonekana ukutani, kwa sababu hapakuwa na haja ya mtu yeyote kusimama mlangoni na kuzikataa picha za weusi. Kazi hiyo ilifanywa na vikao, wasia, bajeti na mazoea. Ndiyo maana inafaa kwanza tujue jumba la sanaa la mji hupataje vitu vyake.

Johannesburg ilizaliwa mwaka 1886 baada ya dhahabu kugunduliwa, na hadi mwaka 1910 ilikuwa bado mji wenye umri wa miaka 24 tu, wenye benki na migodi mingi lakini usio na jumba la sanaa hata moja. Aliyelipigania ni Florence Phillips, mzaliwa wa Cape Town na mke wa tajiri wa migodi Lionel Phillips. Inasimuliwa kwamba aliuza pete yake ya almasi ya buluu ili apate fedha za kununulia picha za kwanza, kisha akawashawishi matajiri wenzake wa dhahabu na almasi, miongoni mwao Otto Beit na Julius Wernher, nao wachangie. Kazi ya kuchagua picha alipewa Hugh Lane, mfanyabiashara wa sanaa kutoka Ireland ambaye mwaka 1908 alikuwa ameanzisha jumba la sanaa ya kisasa la mji wa Dublin.

Uchaguzi wa mtu huyu una uzito kuliko unavyoonekana. Lane alipenda sanaa ya wakati wake, hivyo mkusanyiko wa Johannesburg ulikuwa wa kisasa tangu siku ya kwanza: ulikuwa na picha za Claude Monet na Camille Pissarro, na sanamu ya Auguste Rodin, wakati ambapo Monet na Rodin walikuwa bado hai. Kwa mji mchanga wa migodini hilo lilikuwa jambo la ujasiri mkubwa, na nadhani linastahili sifa hadi leo. Lakini Lane alinunua katika masoko aliyoyajua, ya London na Paris, kwa hiyo mkusanyiko ulianza ukiwa wa Waingereza na Wafaransa kwa sehemu kubwa sana. Wasanii wa Afrika Kusini, hata weupe, karibu hawakuwamo. Jengo lenyewe, lililosanifiwa na Mwingereza Edwin Lutyens katika bustani ya Joubert Park, lilifunguliwa mwaka 1915 kabla halijakamilika, mwaka ule ule ambao Lane alikufa maji meli ya Lusitania ilipozamishwa.

Kuanzia hapo mkusanyiko ulikua kama mikusanyiko mingi ya miji inavyokua. Kazi nyingine zilinunuliwa kwa fungu dogo lililotengwa na mji, na kabla ya kununua, kamati iliketi, ikaiangalia kazi, ikajadili bei, ikapiga kura. Nyingine, ambazo mara nyingi huwa nyingi kuliko zilizonunuliwa, zilitolewa na watu walio hai au ziliachwa kwa wasia. Katika miaka ya 1930, kwa mfano, jumba lilirithi mamia ya michoro ya chapa kutoka kwa Howard Pim, mhasibu na mkazi mashuhuri wa mji, na mpaka leo michoro hiyo ni sehemu muhimu ya hazina yake. Zipo pia kazi za mkopo, ambazo mwenyewe huziacha jumbani kwa miaka mingi bila kuacha umiliki.

Sasa tazama jinsi njia hizo zilivyofanya kazi katika Johannesburg ya miaka ile. Anayeweza kumwachia mji mkusanyiko wa sanaa ni mtu mwenye nyumba, ukuta na fedha za ziada, na sheria zilihakikisha kwamba mtu huyo alikuwa mweupe. Fungu la kununulia lilipangwa na madiwani, na madiwani walichaguliwa na wapiga kura weupe peke yao. Kamati iliyoamua nini kinunuliwe iliteuliwa na baraza hilo hilo. Mwafrika wa Johannesburg, ambaye alitakiwa kubeba hati ya kupita ili atembee katika mitaa ya mji, hakuhesabiwa kuwa sehemu ya "mji" pale neno hilo lilipotumika kwenye makabrasha. Jumba la sanaa la mji hukusanya kile ambacho mji huo unakiona kuwa ni chake, na mji ule ulikuwa umewaacha nje wakazi wake walio wengi katika migodi, jikoni na viwandani.

Kulikuwa na kizuizi kingine ambacho hakikuandikwa katika sheria yoyote. Vitu vilivyotengenezwa na Waafrika, kama vile shanga, fimbo zilizochongwa na viegemeo vya kichwa vya mbao, vilipelekwa katika makumbusho ya mila na desturi, ambako viliwekwa karibu na mifupa na wanyama waliokaushwa. Jumba la sanaa liliachiwa picha za kuchora na sanamu za shaba. Kwa hiyo mchongaji hodari wa kijijini hakukataliwa na kamati ya sanaa, kwa kuwa kazi yake haikufika mbele ya kamati hiyo hata siku moja.

Sekoto alipenya kwa sababu alichora kwa rangi za mafuta, sanaa ambayo kamati iliitambua, na kwa sababu alipata watu wa kumfungulia njia. Mchoraji mweupe Judith Gluckman alimwonyesha namna ya kutumia rangi hizo, na kazi zake zilikubaliwa katika maonyesho ya mjini. Hata hivyo, wema wa watu hao usizifunike picha zenyewe. Barabara ya vumbi, kuta za manjano na watu wanaokwenda zao bila haraka vimewekwa na mkono usiobabaika, wa mtu anayeujua mtaa kwa kuishi ndani yake.

Mlango uliofunguka mwaka 1940 haukubaki wazi. Sekoto aliondoka kwenda Paris mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya chama cha makaburu kushika serikali na kuufanya ubaguzi kuwa mfumo kamili wa dola, na hakurudi tena hadi alipofariki Ufaransa mwaka 1993. Kwa miongo iliyofuata kazi za wasanii weusi ziliingia jumbani kwa uchache mno. Katika miaka ya 1970 mjadala mkubwa wa hadharani kuhusu jumba hilo ulimhusu Pablo Picasso. Chama cha marafiki wa jumba kilikuwa kimenunua mchoro wake wa kichwa cha mchekeshaji, na wakazi wengi wakalalamika kwamba fedha nyingi zimetupwa kwa kitu ambacho hata mtoto angeweza kukichora. Leo mchoro huo ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana zaidi katika mkusanyiko wote.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Mji ulipotimiza miaka 100, mwaka 1986, jengo liliongezwa kumbi mpya, na kampuni ya Anglo American ikatoa fedha za kuanzisha mfuko wa kununulia kazi mpya. Mwaka uliofuata mkusanyiko wa Brenthurst, wenye shanga, fimbo, vyombo vya ugoro na viegemeo vya kichwa vya kusini mwa Afrika, uliletwa jumbani kwa mkopo wa muda mrefu. Vitu vilivyokuwa vimezoeleka kuonekana katika makumbusho ya mila vikawa vinatazamwa kama kazi za wasanii, chini ya paa moja na Monet.

Halafu, mwaka 1988, jumba liliandaa maonyesho yaliyosimamiwa na Steven Sack kuhusu "mapokeo yaliyopuuzwa", yaani historia ya wasanii weusi wa Afrika Kusini tangu mwaka 1930. Maonyesho hayo yaliweka hadharani kwamba wasanii hawa walikuwapo miaka yote, walifanya kazi miaka yote, na kwamba pengo lilikuwa kwenye mkusanyiko. Mwaka 1989 Sekoto mwenyewe alipewa maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake, akiwa mzee na bado yuko Ufaransa. Kuziba pengo la namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kulizuia, maana picha ambayo mwaka 1945 ingenunuliwa kwa bei ndogo huwa imekwisha kuhamia nyumbani kwa mtu binafsi au nchi ya mbali, na ikirudi sokoni bei yake inaweza kuzidi bajeti nzima ya mji ya kununulia sanaa.

Hapa inafaa kutenganisha maneno mawili ambayo katika Kiswahili mara nyingi tunayachanganya. Wataalamu wakisema sanaa ya kisasa huwa wana maana ya kipindi fulani cha historia, takriban kuanzia miaka ya 1860 hadi miaka ya 1960, na kwa maana hiyo Monet na Sekoto wote ni wa kisasa. Sanaa inayofanywa sasa huitwa sanaa ya wakati wetu, nayo ina matatizo yake. Mkusanyiko wa sanaa ya wakati wetu haufungi, kwa sababu kila mwaka unaleta wasanii wapya, nayo kamati hulazimika kununua kabla haijajulikana nani atakumbukwa. Hilo ndilo alilolifanya Lane mwaka 1910, na kila jumba linalotaka kuwa hai hulazimika kulifanya tena na tena.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mwaka wa kukumbuka ni 2007. Mwaka huo jumba lilipokea maonyesho ya Africa Remix, yaliyoanzia Düsseldorf mwaka 2004 na kupita London, Paris na Tokyo, na Johannesburg ikawa kituo chake pekee katika Afrika. Miongoni mwa wasanii walioonyeshwa alikuwamo Wangechi Mutu wa Kenya, Chéri Samba wa Kongo, na George Lilanga wa Tanzania, Mmakonde wa Masasi aliyekulia katika uchongaji na kupata jina akiwa Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam. Lilanga alikuwa hai maonyesho yalipoanza Ujerumani. Yalipofika katika bara lake alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 2005. Naona uchungu kila nikilikumbuka jambo hili, kwamba kazi ya Mwafrika iliizunguka Ulaya na kufika Asia kwanza, ndipo ikaonekana katika ukumbi wa mji wa Kiafrika.

Mgeni anayezunguka kumbi hizo huona sehemu ndogo tu ya mkusanyiko, unaokadiriwa kuwa na kazi zipatazo 9,000. Si kwamba nyingine zimefichwa kwa uchoyo. Kazi za karatasi, kama ile michoro ya chapa, hufifia zikikaa kwenye mwanga, hivyo huonyeshwa kwa miezi michache chini ya mwanga hafifu wa kiasi cha luksi 50, ilhali jua la mchana hufikia makumi ya maelfu ya luksi, kisha hurudishwa ghalani zikapumzike kwa miaka. Mbao hupasuka unyevu wa hewa unapopanda na kushuka ghafla. Kazi za video za wasanii wa leo zinahitaji kuhamishwa kila mara kutoka mashine ya zamani kwenda mpya, la sivyo hubaki kanda ambazo hakuna anayeweza kuzifungua.

Kwa hiyo kukua kwa mkusanyiko ni mzigo kwa jengo, na jengo la Joubert Park limeelemewa. Shaba ya paa imeibwa mara kwa mara, maji yamepenya, na mwaka 1986 ulioleta kumbi mpya ulileta pia mapaa mapya ya kuvuja. Mapema mwaka 2017 jumba lilifungwa kwa muda kwa sababu ya maji ya mvua. Fedha za kununua picha hupata wafadhili wenye furaha, kwa kuwa jina la mfadhili huandikwa pembeni ya picha. Fedha za kuziba paa hazina pa kuandikwa jina, na huachiwa bajeti ya mji ambayo inadaiwa pia maji, barabara na taka.

Tarehe 9 Februari 1955 polisi na malori waliingia Sophiatown na kuanza kuwahamisha wakazi wake kwa nguvu kwenda Meadowlands. Nyumba zilibomolewa, na mahali pale pakajengwa kitongoji cha weupe kilichopewa jina la Triomf, yaani ushindi. Jina la Sophiatown lilirudishwa mwaka 2006. Majengo machache ya zamani bado yamesimama, likiwamo kanisa la Kristo Mfalme na nyumba ya Daktari Xuma, aliyewahi kuwa rais wa chama cha ANC. Anayetaka kuona mtaa wenyewe ulivyokuwa, na rangi ya kuta zake wakati watu bado wanaishi ndani, ana picha ile iliyonunuliwa na kamati ya mji mwaka 1940, miaka 15 kabla ya malori kufika.