Je, wajua duka kubwa la gemu huwa mhodhi wa soko lini?

Katika banda la gemu pale Mwanga, Kigoma, kijana mmoja aliniuliza: "Kaka, kama wengi wenye kompyuta wananunua gemu Steam, lile duka la mtandaoni, huo si ukiritimba tayari?"

Bado. Tuchukue mwalo wa Kibirizi. Tajiri ana banda kubwa la kuuzia dagaa, na kila muuzaji humlipa ushuru. Wakijazana kwake kwa sababu paa halivuji na wateja wapo, huo ni ukubwa aliouvunia jasho. Lakini akisema, "Ukiuza kwangu, marufuku kuuza kwa bei ya chini kwingine," mambo yamegeuka. Jirani akifungua banda la ushuru mdogo, atavuta wateja kwa kipi, na bei ni ileile?

Hilo ndilo dai la Wolfire Games, kampuni ya kutengeneza gemu, iliyoishtaki Valve, mwenye Steam, nchini Marekani mwaka 2021. Valve inakanusha. Steam, iliyoanza 2003, hukata asilimia 30 ya mauzo. Mauzo ya gemu yakipita dola milioni 10, kwenye kinachozidi hukata 25, na yakipita milioni 50, 20. Kampuni nyingine ya gemu, Epic, ilifungua duka lake 2018 ikikata 12 tu, na bado Steam ikabaki mbele. Kwa maoni yangu hapo pana jambo zito: mchezaji ana gemu zake zote na marafiki zake kule, na gemu ulizonunua duka moja huzihamishii jingine. Hata hivyo, mazoea ya wateja peke yake si kosa.

Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 ilipotungwa ilitaka mambo mawili ndipo uitwe mtawala wa soko: sehemu inayozidi asilimia 35, na uwezo wa kubana ushindani ukiwa peke yako. Na kutawala si hatia. Hatia ni kuutumia vibaya utawala huo.

Lakini asilimia ya soko lipi? Kibirizi, Kigoma yote, au ziwa zima? Epic iliishtaki Apple kuhusu duka lake la programu za simu, na mwaka 2021 jaji akachora soko kuwa miamala ya gemu za simu. Apple ikaonekana na asilimia 52 hadi 57, akasema haijathibitika kuwa mhodhi. Desemba 2023, Epic hiyohiyo ikashinda mbele ya baraza la wazee wa mahakama dhidi ya Google, ambayo soko lake lilichorwa ndani ya simu za Android.