"Goti linaendelea vizuri" si kipimo

Wiki tatu zilizopita alikuja kwangu, kwenye kituo chetu cha fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) hapa Dodoma mjini, mzee mmoja wa Hombolo, mkulima wa zabibu. Bodaboda ilimgonga, akavunjika muundi wa kulia, akafungwa hogo kuanzia pajani hadi unyayoni. Lilipotolewa, goti lilikuwa limekakamaa. Alishafanya mazoezi kwenye kituo kingine kabla ya kuletwa kwetu, na faili lake nililisoma lote. Mara tatu limeandikwa: "Goti linaendelea vizuri." Namba, hakuna hata moja.

"Shikamoo mzee. Kitu gani hasa kinakushinda?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Chooni. Siwezi kuchuchumaa."

Jibu hilo lilinipa lengo la matibabu. Goti likikunja nyuzi 60 hivi, mtu anatembea kwenye ardhi tambarare bila kuburuza mguu. Kunyanyuka kwenye kiti cha kawaida kunataka kama 90 na zaidi kidogo. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, kupiga magoti kanisani, kusujudu msikitini, vyote vinavuka 110, na mara nyingi 120. Vitabu vingi tulivyosomea vimeandikwa na watu wanaokaa kwenye viti, kwa hiyo tukiridhika na 100 tunamruhusu mzee arudi nyumbani asikoweza kujisaidia peke yake.

Kifaa chetu ni goniometa: kipimapembe chenye mikono miwili iliyoungana kwenye ekseli. Kwa goti, ekseli inakaa juu ya kinundu cha mfupa wa paja upande wa nje. Mkono usiosogea unaelekezwa kwenye kinundu kikubwa cha pembeni mwa nyonga, na ule unaosogea unaelekezwa kwenye kifundo cha nje cha mguu. Vinundu hivyo vitafute kwa vidole, usikisie kwa macho, maana mguu uliovimba unadanganya. Ukishapata pembe, inama mpaka jicho lako liwe usawa wa kifaa ndipo usome.

Mimi mwenyewe nimewahi kukosea vibaya, na mgonjwa ndiye aliyeumia. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimpima binti mmoja akiwa amelala kifudifudi. Wiki iliyotangulia mwenzangu alimpima akiwa amelala chali. Namba ikashuka karibu nyuzi 20, nikamwambia mama yake goti limerudi nyuma, nikaongeza mazoezi. Kesho yake goti likavimba. Kumbe goti lilikuwa salama. Mtu akilala kifudifudi nyonga inanyooka, na ule msuli wa mbele ya paja unaovuka nyonga na goti kwa pamoja unavutika mapema na kuzuia goti kukunja. Akilala chali na kukunja nyonga, msuli unalegea. Goti lilelile, siku ileile, linakupa namba mbili tofauti. Tangu siku hiyo siandiki namba bila kuandika mgonjwa alilalaje.

Bega nalo lina mtego wake. Mgonjwa akiambiwa anyanyue mkono atapinda mgongo nyuma mpaka uone kama amefika 180, kumbe sehemu ya safari imefanywa na kiuno. Mlaze chali, kunja magoti yake, kisha upime.

Kila kiungo kipime mara mbili. Kwanza mgonjwa akunje mwenyewe, kisha umsaidie taratibu hadi mwisho. Ukifika mbali sana kuliko alivyofika yeye, tafuta udhaifu wa msuli au maumivu. Mkiishia karibu palepale, kiungo chenyewe kimekakamaa. Na pale mwisho, sikiliza mkono wako: panavutika kama kamba ya ngozi, panagonga kama mfupa kwa mfupa, au mgonjwa anakuzuia kwa maumivu kabla hujafika? Pakigonga kama mfupa, usilazimishe. Mrudishe kwa daktari wa mifupa.

Pima upande mzima pia. Tunafundishwa kwamba goti hukunja 135 au 140, lakini kawaida ya mzee wangu ni mguu wake wa kushoto, na huo unafika 138. Tofauti ya nyuzi 2 au 3 kati ya wiki moja na nyingine usiipigie vigelegele wala usiisikitikie. Hata mikono mizuri inatofautiana kiasi hicho. Mimi huanza kuamini mabadiliko yakizidi 5, tena kama aliyepima ni yuleyule.

Siku ya kwanza mzee alikunja mwenyewe hadi 88, nikimsaidia 96, na kunyoosha kukabakia nyuzi 5 kufika 0, yaani mguu ulionyooka kabisa. Jumanne hii niliandika hivi kwenye faili lake:

"Goti la kulia, amelala chali, nyonga imekunjwa. Mwenyewe 5 hadi 101. Kusaidiwa 5 hadi 108, mwisho unavutika, maumivu 3 kwa 10. Kushoto 0 hadi 138. Lengo: kuchuchumaa chooni, 120. Bado."